Kidonge cha Mwaka Mzima

Zama hizo mgonjwa wa moyo alipewa kidonge kimoja tu kwa mwaka. Kilitengenezwa kwa sukari iliyobadilishwa, iliyoyeyuka taratibu tumboni, ikiachia dawa kidogokidogo. Mishi alimkabidhi babu yake kidonge chake kwa heshima zote za kitaifa, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, mzee alikuwa akitafuna.

"Babu! Si nilikwambia ukimeze kizima?"

"Mke wangu, tangu uninyime sukari kwenye chai, sijaonja utamu kama huu."

Dawa ya mwaka mzima ilikuwa imeingia mwilini kwa mkupuo mmoja. Mishi alimshika mkono, akatafuta mapigo. Yalikuja kwa kusitasita, kila moja likichelewa kuliko lililotangulia.

"Usinune," babu alisema polepole, akilamba midomo. "Mwakani nitameza."