Mibuni ya Ndeshi

Ukungu ulikuwa bado umelala shambani Ndeshi alipomkuta shemeji yake, Kileo, akinoa shoka. Walishakubaliana: mibuni ikatwe, wapande mahindi. Kahawa ilikuwa imewatupa miaka mingi.

Mara Sudi, mnunuzi wa kahawa, akatokea akihema. "Msikate! Bei imepanda, na haitashuka karibuni."

"Wimbo wa zamani huo," Kileo akasema.

"Safari hii sivyo, ndugu yangu. Bei ilipoanguka kila mtu alikata, hakuna aliyepanda. Wanywaji nao wanazidi. Hata watu wakipanda leo, mbuni hauharakishwi; huchukua miaka kuzaa."

Ndeshi akashika shina lililokuwa karibu naye. Lilikuwa baridi na bichi, akahisi kama linapumua.

"Shemeji, acha."

"Kwa maneno ya mnunuzi?"

"Wenzetu walikata mapema. Sisi uvivu wetu umetuokoa."

Kileo akacheka bila kutaka. Ndeshi akachuma tunda jekundu, akalibinya, akapiga magoti na kuzididimiza mbegu mbili udongoni. Alipoinua macho, ukungu ulikuwa umeumeza mpaka wa shamba, nalo likaonekana halina mwisho.