Mkono Unaonuka Samaki

Mama Dorothée alipopanda tu lori, kijana mmoja akaruka chini. Akaazima baiskeli ya mlinzi wa shule, akaanza kukanyaga pedali juani, huku wenzake wakimpigia kelele kutoka juu.

"Ruffin! Nafasi iko!"

Mama Dorothée akanusa mkono wa blauzi yake. Samaki. Mtu aliyeuza samaki wa Kinkondja sokoni Kamina kwa miaka tisa hanuki marashi, hata ajisugue kwa jiwe. Lakini kumkimbia mtu mzima mchana kweupe! Mtoto wa watu wa reli, bila shaka. Hao hujiona wao ndio waliobuni garimoshi.

Safari hii aliijia kwa sababu moja tu, binti yake Talitha. Ilibaki miezi miwili Talitha apate diplome, na mama alikuwa ameapa juu ya kaburi la mumewe kwamba hakuna mwanamume atakayemkaribia mtoto huyo kabla ya karatasi ile. Mwalimu Kasanda aliposema wanafunzi watashinda siku nzima, wavulana kwa wasichana, kwenye shamba la Madame Kadri wakijifunza jinsi watu wa kwao Estonia wanavyooana, Mama Dorothée alijitolea kwenda kupika. Akabeba na kapu la samaki.

Ruffin alifika shambani baada ya lori, jasho likimchuruzika. Akamshika kila mtu mkono. Alipomkaribia Mama Dorothée akaacha njia, akapita majanini, mikono mgongoni, macho chini.

"Weye mutoto! Minyi niko na ukoma?"

"Pardon, mama," akajibu, lakini aliyaambia majani.

Ndoa ya mchezo ikaanza. Wasichana walifunga kamba njiani, na upande wa bwana arusi ukalipa peremende ili upite. Kisha wakaletewa bibi arusi wa uongo: Mwalimu Kasanda, masharubu na yote, amefungwa pazia. Watu wakacheka mpaka machozi. Hata Mama Dorothée alicheka.

Kicheko kikamwisha mezani. Madame Kadri alikuwa amejaza damu ndani ya matumbo ya nguruwe, na kando yake akaweka supu ya kwato iliyoachwa igande, sasa inatetemeka yenyewe kwenye sahani. Mama Dorothée akatazama mbali, akamwomba Mungu amsamehe, maana chakula ni chakula.

Lakini kilichomchukiza zaidi kilikuwa bado. Madame Kadri alieleza kwamba bwana arusi akifika mlangoni, mama wa bibi arusi humlisha kwa mkono wake mwenyewe mkate mweusi na chumvi.

"Mukwe afungue kinywa mbele ya mama-mukwe?" Mama Dorothée akang'aka. "Banakosa haya, bale bantu!"

Akamkumbuka marehemu mumewe, Mbayo. Miaka kumi na miwili Mbayo alikula nyumbani kwa mama mkwe wake, na bibi yule hakuwahi kuyaona meno yake yakitafuna. Bibi alikuwa akikohoa kwanza kabla ya kuingia uani, na hapo Mbayo anaweka sahani chini, anageukia ukuta. Ile ndiyo ndoa.

"Iko mchezo tu, mama," Mwalimu Kasanda akambembeleza. "Weye peke yako njo mama hapa."

Akakubali shingo upande. Carine akawa bibi arusi, na wavulana wakawa bwana arusi kwa zamu. Amédée akala mkate huku akizungusha macho. Kabange akaomba chumvi zaidi. Kisha ikafika zamu ya Ruffin.

Mama Dorothée akanyoosha mkono. Ruffin akafumba mdomo. Akageuza uso, akajiziba kwa kiganja, jasho likamtoka upya.

"Kula, mutoto."

Kijana akatikisa kichwa, kisha akatimka mbio kama mtu aliyeona nyoka.

"Samaki imemushinda!" mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Talitha peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, na mama akajua kwamba mtoto amemwonea uchungu.

Mama Dorothée akauweka mkate mezani. Alimchukia kijana yule, na si kidogo. Mikono hii imemlea mtoto bila baba, imemfikisha darasa la mwisho, halafu mtoto wa mtu anaiona kinyaa mbele za wageni! Hata yale matumbo ya damu sasa aliyaona nafuu. Akamtafuta Talitha ili waondoke, waende hata kwa miguu. Hakumwona. Akachukua limao mezani, akazunguka jiko kwenda kunawa, angalau aipunguze harufu.

Nyuma ya jiko alimkuta Ruffin.

Alikuwa anakula samaki, wale wa kapu lake. Wala hakuwa anaonja: alinyonya mifupa, alilamba vidole mpaka kifundo. Alipoona kivuli cha Mama Dorothée akashtuka, akaweka sahani chini, akageukia ukuta.

Kando yake Talitha alikuwa amepiga magoti, ameshika jagi la maji ya kunawa.

Limao likamtoka Mama Dorothée mkononi, likabingirika hadi kwenye sahani.

"Mama," Talitha akasema polepole, bila kuinuka, "mbona haukukohoa?"