Mlima wa Mara Moja

Siku hizo kila mtu aliruhusiwa kupanda mlima wa tembo mara moja tu maishani. Nasieku aliitunza nafasi yake mpaka binti yake, Resiato, akaweza kutembea mwendo mrefu. Waliendesha gari kupita msitu wa mianzi, wakaliacha, wakapanda kwa miguu. Huko juu tembo jike akatokea na mtoto wake, akawapita karibu hata wakamsikia akipumua. Mama na mwana wakacheka hadi machozi yakawatoka.

“Mama, nikizaa nitamleta mwanangu awaone,” Resiato alisema walipoanza kushuka.

Nasieku akamshika mabega, akamgeuza taratibu kuelekea kule juu.

“Watazame tena,” alimwambia. “Watazame sana.”