Mkono wa Fundi Magodoro

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi, sindano ilimponyoka fundi magodoro na mkono wake usiwe na habari. Aliiona sakafuni ndipo akajua.

Tangu siku hiyo mkono wa kulia ukawa mgeni mwilini mwake. Mara unakufa ganzi, mara unakaza. Na fundi asiye na mkono ni mdomo wa kulishwa tu, naye wa kumlisha alikwisha kumzika.

Mambo ya mishipa na misuli hakuhadithiwa. Mkewe alikuwa akipaka mlango wao rangi ya bluu mkono wake ulipogoma. Aliufikisha nusu, akalala kitandani miaka tisa. Mtaalamu wa viungo aliletwa hospitalini majuma matatu, kisha wakubwa wakamhamisha, wasilete mwingine. Wao wakipata ganzi hupanda ndege. Fundi akabaki kumkanda na kumnyoosha mkewe mwenyewe, kwa yale aliyoyaona, hadi siku ya mwisho. Mlango hakuumalizia.

Siku aliyokwenda hospitali mara ya sita, alimwacha jirani mwenye shingo iliyokaza ameketi barazani kwake akingoja kukandwa.

"Usichelewe, fundi. Shingo hii haina subira."

"Hata mimi sina. Lakini benchi lao unalijua."

Alilikalia benchi hilo hadi saa saba. Dirishani alikuwapo karani yule yule, binti wa miwani.

"Shikamoo, mzee. Bado unahangaika?"

"Marahaba. Nanyi bado hamna mtu?"

"Wa kuajiriwa hayupo. Maombi yako mezani kwa wakubwa."

"Basi na meza hiyo imepooza."

Binti alitabasamu kichovu. Akatazama nyuma, akavuta daftari lililochakaa.

"Mzee wangu, usinitaje. Wagonjwa wakija kurudisha magongo yetu, huwa nawauliza nani kawasaidia. Mwaka huu wamerudisha kumi na mmoja. Wote wametaja mtu mmoja."

"Ana cheti?" Fundi alikuwa amechoka kuchezewa.

"Cheti sijakiona. Magongo nimeyapokea kwa mikono yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu Machi, kifua cha fundi kikalegea.

"Anaitwa nani?"

"Jina hawalishiki, wanaelekeza nyumba tu. Nenda leo leo, mzee, kabla mkono haujakauka."

Akaandika, akakata kipande cha karatasi, akampa. Fundi alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakisoma neno moja moja, kama asomavyo mtu aliyeishia darasa la tatu.

*Nyuma ya kinu cha nafaka. Mlango nusu bluu.*

Foleni ilimsukuma mgongoni. Hakusogea.

"Binti," aliuliza, "na huyu mtu akiugua, yeye mnampeleka kwa nani?"