Mteja Aliyemaliza Kazi

Mlango ulikuwa wazi. Katikati ya sebule alikaa mwanamume mmoja, kavaa glavu mkono mmoja, anasoma karatasi ya maelekezo ya blenda kama mtu anayengojea mtihani.

Nyuma yake televisheni ilikuwa imefika nusu ya safari ya kwenda mlangoni. Droo zote zilikuwa nje. Maua ya dirishani yalikuwa yametoka kumwagiliwa, maji yakichuruzika ukutani.

Kocha alishusha pumzi. Hapa hakuwa amepotea.

Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wazima wenye ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, wale wanaotoka chumbani kufuata mkasi wakarudi na ufagio. Mwaka huu wateja walikuwa wamemkimbia mmoja baada ya mwingine. Wengine hata hawakumkimbia, walisahau tu kuja. Alikuwa amejiapiza kwamba huyu wa leo akishindikana, anafunga ofisi na kurudi kufundisha hesabu.

Aliyempigia simu alikuwa dada wa mteja. "Mdogo wangu lazima ahame leo," alisema. "Mpangaji mpya anaingia jioni, na huyu hata kikombe hajafunga. Halafu akikukana usimsikilize. Anaona aibu."

"Hodi humu," Kocha aliita.

Mwanamume alishtuka, karatasi ikamponyoka. "Mama, mimi nilikuwa naondoka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Dada yako amenituma."

"Dada yangu?" Alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye. "Amejuaje kama niko huku?"

"Dada zetu hawafichwi kitu. Umeanza tangu asubuhi, umetoa nini mpaka sasa?"

Akainamisha kichwa. "Nilianza na televisheni. Nikaona redio imelegea kitufe, nikasema ngoja niikaze. Nikaenda kutafuta bisibisi, nikakuta maua yana kiu."

"Na blenda?"

"Blenda sijui imeingiaje."

Kocha alikaa sakafuni karibu naye. Mwanamume akaanza kuivuta glavu yake kidole kimoja kimoja.

"Wenzangu wote wameniacha," alisema. "Wanasema nitawaponza. Mara ya mwisho waliondoka wakaniacha ndani nacheza na paka."

Hayo Kocha alikuwa ameyasikia kwa muuguzi mmoja, kwa seremala, hata kwa dereva wa treni. Aibu ilikuwa ileile. Akavua viatu, akakunja mikono ya gauni.

"Leo hatuhamishi nyumba," alimwambia. "Tunabeba televisheni basi. Ikishaingia garini ndiyo tutajua kinachofuata. Gari lipo?"

"Pikapu. Iko uchochoroni nyuma."

"Uchochoroni inafanya nini? Ilete getini kama watu."

Akaileta. Televisheni ikaingia. Ikafuata redio, bila kukazwa kitufe. Kocha alitega kengele kwenye simu ili wapumzike kidogo, lakini ilipolia mwanamume alikuwa ameshatoa mguu mmoja dirishani.

"Hiyo izime, mama. Mlio wa kengele unanivuruga kabisa."

Kocha aliizima, akajilaumu. Wengi wao masikio yao ni mepesi. Badala ya kengele akawa anampigia makofi polepole, naye akawa anatembea kwa mdundo huo: viti, sufuria, pasi, mapazia. Kila alipogeuza shingo kuangalia kitu kingine, Kocha alimuuliza, "Mkononi una nini?" Naye alijibu, "Feni," kisha akaipeleka feni.

Bibi wa nyumba ya jirani alichungulia juu ya ukuta. "Ndiyo anahama kweli?"

"Anahama, bibi. Njoo utushikie geti."

Bibi akaja akashika geti. Mwanamume akapita na godoro kichwani, limemfunika mpaka kiunoni, akaitikia salamu kwa sauti nyembamba.

Jua lilipoanza kushuka, pikapu ilikuwa imejaa mpaka inalalamika. Mwanamume alisimama kando yake, mikono haijui iende wapi.

"Nyumba mpya ni mbali?" Kocha aliuliza.

"Inategemea njiani nitakutana na nani." Akapangusa macho kwa glavu. "Mama, tangu nizaliwe sijawahi kumaliza kazi hata moja. Ikitokea nyingine, naweza kukuita?"

"Wakati wowote, mwanangu."

Alipoondoka, Kocha alibaki kufagia. Sauti ya ufagio ilirudi kutoka kila ukuta wa nyumba tupu. Hesabu zingetafuta mwalimu mwingine.

Hapo akaingia mwanamume mwingine, anahema, ameshika mfuko wa nailoni wenye maji na samaki wawili wadogo wekundu.

"Kocha, nisamehe sana. Dada aliniambia unakuja asubuhi. Nilitoka mara moja tu kununua kamba za kufungia mizigo." Alizunguka sebuleni, akachungulia chumbani, akatazama juu, mahali ambapo pazia lilikuwa. Uso wake ukachanua taratibu.

"Dada alisema wewe ni kiboko, sikuamini," alisema, akitoa simu mfukoni. "Basi ngoja nimpigie yule wa gari la kuhamia, nimwambie asijisumbue kuja."