Kidole cha Falsafa

Pigo la kwanza lilimkuta Falsafa ameinama, anafunga kufuli la karakana yake. Alianguka kwa magoti. Hakupiga kelele, aligeuza shingo tu, amtazame anayempiga. Hapo ndipo Seremala alipopandwa na wazimu. Akainua nondo, akashusha, akainua, akashusha, mpaka ule uso uliokuwa ukimtazama ukawa si uso tena. Damu ilimrukia hadi kwenye ndevu. Akajifuta kwa aproni yake ya kazi, kisha akaenda kuichoma pamoja na maranda ya mbao.

Na ugomvi wenyewe, jamani, ulikuwa wa maneno matupu. Walikuwa marafiki wanne: Falsafa, Seremala, Kinyozi na Fundi Redio. Kila jioni, kazi zikiisha, walikaa kwenye benchi nje ya duka la Kinyozi, wakabishana mambo makubwa kuliko benchi lenyewe. Falsafa alikuwa mchomeleaji, na jina hilo walimbandika kwa sababu hakuweza kuunga geti bila kuuliza geti linajuaje kuwa ni geti. Alishikilia kwamba binadamu alianzia majini, akapanda ngazi polepole mpaka akasimama wima, na kwamba ndani ya kila mtu yumo mmoja asiyelala, anayejua yote hata mwili ukizimia.

"Uongo," Seremala alibisha. "Mtu ni taa. Ukiipiga rungu imezimika. Hakuna anayejua lolote mle."

"Wewe nyamaza," Falsafa akamjibu, wateja wakisikia. "Wenzako tulipanda ngazi, wewe ulikataliwa pale chini. Hebu simama tuone mkia!"

Watu walicheka mpaka Kinyozi akamkwaruza mteja sikio. Mke wa Seremala, aliyekuwa amemletea chai, naye alicheka, akaziba mdomo kwa khanga. Hata Seremala mwenyewe alicheka. Lakini kicheko chake kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakishuki wala hakitoki, na kwa mwiba huo akaenda kutafuta nondo.

Bahati mbaya kwake, Falsafa hakufa pale. Hospitali walimshona, wakamzungushia bandeji kichwa kizima, yakabaki matundu ya pua na ncha ya mdomo, kisha wakamrudisha kwa mama yake na neno la pole. Mtaani wakasema ni vibaka. Seremala naye alisema ni vibaka, tena kwa sauti kuliko wote.

Siku mama alipowaita, jua lilikuwa bado kali. Aliwaingiza wote watatu chumbani, Seremala, Kinyozi na Fundi Redio. Chumba kilinukia sabuni. Mgonjwa alilazwa chali, amenyooshwa vizuri, shuka nyeupe imemfika kidevuni. Feni ya mezani ilivuma kando ya kitanda, na shuka ikapanda na kushuka, ikapanda na kushuka. Mama alikaa upande wa kichwani, mkono wake mmoja chini ya shuka.

"Msimguse, wanangu. Vidonda bado. Ongeeni naye tu."

Fundi Redio alikohoa. "Mama, mimi naona hivi. Redio ikivunjika kisanduku, mawimbi bado yako hewani. Nani atasema wimbo umekufa?"

"Wewe kila kitu redio," Kinyozi akasema, huku anafuta machozi. "Mkeo akinuna unamtafutia betri."

Walicheka kidogo, hata mama.

"Anasikia," mama akasema. "Tangu jana ananibonyeza kidole. Nikimuuliza jambo, kama ni ndiyo, anabonyeza. Nikamuuliza, baba, aliyekupiga unamjua? Akabonyeza."

Mama akainyoosha shuka kwa mkono wa pili.

"Kesho nitamtajia majina, moja baada ya jingine. Lakini leo kila mmoja wenu akae naye peke yake kidogo, ammwagie yaliyo moyoni. Huenda asifike mbali."

Miaka yote hiyo Seremala alibisha, na sasa alimwona yule asiyelala: yumo humo nyuma ya bandeji, macho makavu, anamtazama kama alivyomtazama pale chini mlangoni.

Wakatoka wote, mama pia. Kinyozi akaingia, akatoka akilia kwa kwikwi. Fundi Redio aliingia, akasikika akimwimbia kitu kwa sauti mbovu, akatoka. Mama akawachukua wote wawili uani, akamwachia Seremala zamu yake.

Seremala aliurudisha mlango. Akachukua mto uliokuwa kitini, akamfunika uso, akamlalia kwa uzito wake wote, goti moja juu ya kifua. Kitanda kililia. Mbavu zilivunjika chini ya goti. Mkono wa mgonjwa ulikuwa umeinuka kidogo chini ya shuka. Akaushika ili aukunje, ukakataa, ukakakamaa kama mpini wa jembe.

"Bado unashindana nami?" alinong'ona, jasho likimdondoka juu ya mto. "Eti unajua! Haya, kajue kaburini!"

Akauvunja mkono ule kwa goti. Akakandamiza tena, na tena, mpaka nguvu zikamwisha, ndipo akainua kichwa kuvuta pumzi.

Mlango ulikuwa wazi. Mama amesimama kizingitini, na nyuma yake Kinyozi na Fundi Redio, midomo wazi.

"Inatosha, baba," mama akasema. "Mwenzako amekufa tangu alfajiri. Nilichokuwa sijui ni yupi kati yenu bado anamwogopa."