Maziwa Yaliyokataa Kulala

Siku ya tatu maziwa yalikuwa bado hayajalala. Watiri alikitikisa kibuyu, akamimina kidogo kikombeni, akanusa. Yalitakiwa yawe yameganda na kuchachuka vizuri. Badala yake yalikuwa majimaji, na yalinuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

"Umeosha na sabuni," alisema.

"Hapana, mama. Nilipitisha makaa ndani vile ulinifundisha, nikaacha mbegu kidogo ya maziwa yaliyolala kwa chini."

Murugi alikuwa na miezi saba tu katika boma hilo la karibu na Karatina, na Watiri, mama mkwe wake, ndiye aliyemchagua. Alimwona kanisani kule Kutus, akaupenda utulivu wake, akarudi kumwambia mwanawe. Gatimu hakuwahi kumkatalia mama yake neno. Alishonesha suti, akaoa.

Kosa la Murugi lilikuwa kwenda kwenye masomo ya zahanati. Mwaka huo wa 1972 muuguzi alizunguka akiwafundisha akina mama kuchemsha na kusugua kila chombo, kwa kuwa vijidudu vinaua watoto. Ni kweli vinaua. Lakini muuguzi hakusema kwamba kuna wadudu wa kufukuzwa na wadudu wa kufugwa, na kwamba hao wa kufugwa walikuwa wamekaa ndani ya kibuyu cha Watiri tangu enzi za mama yake, wakiyalaza maziwa ya nyumba nzima. Watiri naye hakuwajua kwa jina. Alijua tu kwamba kibuyu kikionja sabuni kimekufa.

Alimkagua ng'ombe. Alikuwa mzima, chuchu zote nne safi, anajaza ndoo. Basi akaenda kwa jirani yake Ngendo, akaomba mbegu ya maziwa yaliyolala, wakaanza upya. Yakaharibika tena.

Gatimu alimtetea mkewe. Alikuwa karani wa kupokea maziwa kituoni, mtu wa kunusa mikebe tangu alfajiri, na kwa mambo ya maziwa neno lake lilisikizwa.

"Mama, mimi sijaona sabuni," alisema kwa upole. "Hata kukama nimechukua mimi, ndio Murugi apumzike. Kama si sabuni, basi sijui ni nini."

Watiri alijua ni nini. Wazee waliita thahu, mkosi unaomwandama mtu hata kama hakuutafuta. Watiri hakukosa kanisani Jumapili hata moja, lakini neno hilo lilikuwa halijamtoka moyoni. Ngendo akashauri wafanye jaribio: Murugi akae kwake juma moja, kibuyu kibaki kwa mwenyewe, tuone.

Juma hilo maziwa ya Watiri yalilala mazito, ya kuchotwa kwa kijiko. Kwa Ngendo pia yalilala, na Murugi ndiye aliyeyashika kila siku, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Wote walikuwa wakitazama kibuyu kimoja.

Murugi aliporudi, maziwa yakaharibika siku ya tatu.

Hapo akaanza kuiogopa mikono yake mwenyewe. Aliisugua kwa majivu mpaka ikachubuka. Ngendo alipomletea mjukuu wake ambebe kidogo, alikataa, akasema ana mafua. Jioni moja alimwuliza mumewe swali ambalo alikuwa amelimeza siku nyingi.

"Unafikiri niko na thahu?"

Gatimu alimshika bega. "Mimi siamini hayo mambo. Lakini huyu ni mama yangu. Nitafanya nini?"

Murugi alimshukuru kwa hilo. Katika boma zima ni yeye peke yake aliyemwambia neno jema.

Siku ya kumfukuza, Watiri alilia, na hayakuwa machozi ya kujifanya. Alimpenda msichana huyu kuliko alivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yake. Alimpangia nguo kwenye kiondo yeye mwenyewe, akaweka viazi vitamu vya njiani.

"Ati nifanye nini, mtoto wangu?" alisema. "Nyumba haiwezi kukaa bila maziwa. Enda kwa watu wenu wakuombee. Mimi nimeshindwa."

Murugi alikitwaa kiondo. Angebisha na nini? Maziwa yenyewe yalikuwa yametoa ushahidi mara tatu. Alitembea hadi Karatina, akaketi kungojea basi la Kutus mbele ya duka la dawa za mifugo. Mwenye duka, Moffat, ambaye siku ya harusi yao ndiye aliyegawa soda, alikuwa akifagia kizingiti. Alimwona, akamsogelea kwa huruma.

"Bibi ya karani, pole na mambo ya ng'ombe. Kiwele kimepona?"

"Kiwele gani?"

"Si ile ng'ombe yenu. Gatimu amechukua penisilini hapa mara tatu, ile ya kusukuma ndani ya chuchu. Nikamwambia asitie hiyo maziwa kwa kibuyu, haiwezi kulala, dawa inaua mpaka mbegu. Akacheka. Akasema hiyo anajua, hata huko kituoni ikipatikana hivyo wanaimwaga."

Murugi aliitazama mikono yake iliyochubuka.

"Ng'ombe yetu haijakuwa mgonjwa," alisema.

Moffat aliegemeza ufagio ukutani, akakuna kichwa.

"Basi sielewi. Maana ile ya mwisho alilipa mapema, akaniambia nimwekee mpaka wewe utoke kwa Ngendo."